Kamba Iliyolala kwa Jirani

Vijana wa jumuiya ya maji, shikamoo zenu nimezipokea zote, ila mkome kuniita babu. Mimi si mzee. Nina watoto bado wanasoma sekondari. Kilichonistaafisha ni kisima, siyo umri, na mguu huu ninaouburuta si wa uzee, ni wa kazi.

Mlipokuja kwangu, Upendo mbele na nyie wengine nyuma yake kama watu waliokuja kuposa, mliniuliza mambo mawili. La kwanza, zamani hapa mtaani tuliwezaje kugawana maji ya visima bila polisi wala mita. La pili, kile kisima cha Koko Namnyaki kilichofunikwa mabati miaka yote hii, mkifukie au mkiache. Hilo la pili nililijibu palepale. Nikasema fukieni, hata leo, na kama mnakosa kifusi njooni mchukue ukuta wa banda langu. Upendo akasema ni lazima na Mama Nuru aulizwe kwa sababu mumewe alifia mle. Nikamwambia muulizeni, atasema kama mimi.

La kwanza nikaomba niliandike, maana nikilisema kwa mdomo nitatukana watu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya, lisogezeni wenyewe.

Mimi nilichimba visima kwa mkono. Siyo hivi vya gari linalokuja na mnara wake, linapiga kelele siku nzima, jioni mnapewa bomba. Nasema mtalimbo, sururu, jembe la mpini mfupi, ndoo, kapi ya kupitishia kamba, na kamba yenyewe. Aliyenifundisha ni Anaeli, mume wa Mama Nuru. Wote wawili tulitoka Nkoaranga, kwenye vihamba vya migomba na kahawa ambavyo baba zetu waligawana mpaka vikafika kwetu vikiwa vya kusimama tu, siyo vya kulima. Mtu ukiwa huna ardhi ya kwenda pembeni, unakwenda chini. Hayo ni maneno yake, na alikuwa akiyasema anacheka.

Anaeli alichimba pekupeku. Mimi nilianza kazi na mabuti mapya ya mpira, naringa nayo. Mara ya kwanza tulipogusa udongo wa maji, matope yakayashika mabuti. Anaeli akavuta kamba kutoka juu, nikapanda mimi, mabuti yakabaki. Akachungulia chini, akaniuliza kama nimeyaacha yashike nafasi. Tangu hapo nikachimba pekupeku na nikaelewa. Nyayo zinajua kabla ya macho. Udongo ukikaribia maji unakuwa na ubaridi wa kupanda kutoka kisiginoni, na ukiukanyaga haumeguki tena, unanyonya. Hapo unapunguza nguvu ya mtalimbo, unaanza kubembeleza.

Kingine ni hewa. Hili ninaliandika hata kama nyie hamtachimba kamwe, kwa sababu mtakuwa mnaingia kusafisha. Usishuke kwenye shimo lililokaa limefungwa kabla hujateremsha mshumaa unaowaka ndani ya ndoo. Ukizimika, na wewe utazimika. Kata matawi ya majani mengi, yafunge kwenye kamba, yapandishe na kuyashusha mpaka jasho likutoke, kisha teremsha mshumaa tena. Kuna wanaume wenye misuli kuliko nyie wote walioona aibu kuwasha mshumaa mchana.

Halafu kuna kina. Nyie mnadhani kadiri unavyoyafuata maji chini ndivyo yanavyokuwa masafi. Labda kwingine. Huku kwetu mlima umelalia magadi. Maji ya juu, yale yaliyoingia na mvua kupitia msitu wa Olmotonyi, ndiyo ya kunywa. Ukizidi kuteremka unakutana na maji mazuri kwa macho, meupe, yanang'aa, nayo ndiyo yanayowapaka watoto rangi ya chai kwenye meno na kuwapinda miguu. Anaeli alikuwa na usemi wake: ya juu ni ya watoto, ya chini ni ya kufulia. Mimi nilikulia kwa shangazi yangu, kijiji cha Maji ya Chai, nikinywa hayo. Nikicheka mbele ya watu wa Dar, wananishauri niache sigara. Sijawahi kuvuta.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini Anaeli alikuwa mgumu kuchimba zaidi ya pale alipoona panatosha. Wateja walikasirika. Mmoja wa Ngarenaro, mwenye gereji, alitaka kisima katikati ya ua, nyumba zimembana pande zote. Anaeli alizunguka mara moja, akachungulia ukuta wa jirani, akachukua udongo kidogo akanusa. Akamwambia, "Bosi, hapa nikikuchimbia, jirani akienda chooni wewe ndiye utakayejua alikula nini." Tulifukuzwa. Tukapanda mlima kurudi huku tunacheka njia nzima, na hatukuwa na hata nauli ya kucheka nayo.

Huku juu ndiko kulikuwa kwetu hasa. Mnakijua kitongoji chetu kilivyokaa, nyumba zinashuka na mteremko kama watu waliopanga foleni. Visima navyo vimeshuka hivyohivyo, karibu vyote tulivichimba mimi na Anaeli, na vyote vinakunywa mshipa mmoja. Juu kabisa ni cha Elibariki. Chini kabisa ni cha Koko Namnyaki. Koko ni bibi kwa Kimaasai, na Waarusha wote hapa walimwita hivyo, na sisi Wameru tukafuata, mpaka mchungaji naye akawa anamwita Koko madhabahuni.

Anaeli alikuwa anaimba besi kwaya ya usharika. Akiwa chini kisimani anachimba alikuwa anafanya mazoezi. Mtu ambaye hajasikia besi ikitoka ardhini hawezi kunielewa. Tulipokuwa tunachimba cha Koko, yule mama alikuwa anatoa kigoda chake, anakaa karibu na mdomo wa shimo, anachambua maharage. Hajui wimbo, Kiswahili chenyewe anakikata vipande, lakini Anaeli akinyamaza kupumzika, yeye anagonga ndoo na kijiti. Aendelee. Nikisema ninakumbuka kazi, sikumbuki sururu. Nakumbuka hilo.

Sasa swali lenu. Ule mwaka vuli haikuja, masika yakaja kama mgeni aliyeshiba, visima vikaanza kushuka. Asubuhi ndoo zinatoa tope. Watu wakaanza kuamka mapema kumzidi jirani, jirani naye anaamka mapema zaidi. Tukafanya kikao pale kwenye uwanja wa shule. Wanaume tulisema sana. Wengine walitaka visima vifungwe kufuli, wengine walitaka Anaeli achimbe zaidi. Koko Namnyaki akasubiri tumalize. Kisha akauliza kama kuna mtu hapo anamkamua ng'ombe asubuhi, mchana na jioni, bila kumpumzisha, na akakamua mpaka damu. Akasema basi tuvilaze visima.

Ndiyo likawa neno letu, kulaza kisima. Kila kisima kilikuwa na siku yake ya kulala. Siku hiyo humo hakichotwi kitu, na wenye nyumba wanachota kwa majirani. Ila Koko hakuwa mjinga wa kuamini midomo. Akasema anayelaza kisima afungue kamba kwenye kapi, aipeleke mwenyewe kwa jirani wa chini yake, ikatundikwe kwenye msumari wa huyo jirani mpaka kesho. Kwa nini wa chini? Kwa sababu ukiiba maji, yeye ndiye unayemwibia. Na wa chini kabisa, ambaye hana jirani wa chini, aipandishe kamba yake mpaka kwa yule wa juu kabisa, mduara ufunge.

Ilifanya kazi. Siwaelezi kwa kitabu, nawaeleza nilichoona kwa kamba ya kupimia tuliyofunga mafundo. Visima viliacha kushuka. Vingine vikapanda kidogo, kimyakimya, kama mgonjwa anayeomba uji.

Lakini mimi kinachonikaa moyoni si maji. Ni kwamba siku ya kisima chako kulala ndiyo ilikuwa siku yako ya kuonana na watu. Unakwenda kwa jirani na ndoo, unakaribishwa chai, unaambiwa binti amechumbiwa, ndama amezaliwa, mzee haongei na mkewe. Ugomvi wa mipaka uliisha wenyewe, maana huwezi kumshtaki mtu ambaye kesho unachota kwake. Mpaka ikawa msemo. Mume aliyezuiwa pombe na mkewe, vijana wa kilabuni walikuwa wanamwambia, "Huyu mwacheni leo, kamba yake iko kwa jirani." Siku hizi nyie mna kundi kwenye simu la watu mia, na hamjui mama wa nyumba ya tatu anaitwa nani.

Sasa nafika pale ambapo ningetukana.

Elibariki alipata umeme. Wote tulifurahi, akatupikia na pilau. Haukupita muda akanunua pampu ya kuzama, akaitumbukiza kisimani kwake, akaweka bomba mpaka kwenye shamba lake la nyanya nyuma ya nyumba, kule ambako mtu wa chini haoni. Kapi yake aliiacha palepale juu ya kisima. Na kamba aliiacha palepale. Siku yake ya kulaza ikifika, Elibariki anafungua kamba, anaikunja vizuri kabisa, anateremka nayo kwa jirani, anasalimia, anaulizia afya za ng'ombe. Kisha anapanda nyumbani anabonyeza swichi.

Nimelifikiria hili miaka mingi kuliko alivyolima nyanya. Angekataa kuleta kamba, tungejua. Angechelewa hata mara moja, tungejua. Hakuchelewa. Alikuwa ndiye mtu wa kwanza kuleta, na tulikuwa tunamtolea mfano kwa wengine.

Baadaye tulihamisha zamu za misumari kidogo, kwa sababu jirani wa chini yake alihamia kwa mwanawe kule Moshi na nyumba ikawa haina mtu. Kamba ya Elibariki, badala ya kwenda nyumba inayofuata, tukasema iletwe hadi kwa Koko, kwa heshima ya mwenye wazo. Na Koko, kwa kuwa ni wa chini kabisa, yake anaipandisha kwa Elibariki. Mama yule na miguu yake, kamba begani, mlima wote ule. Siku moja akakuta kitu kinaunguruma chini ya ardhi pale uani kwa Elibariki, akauliza ni nini. Elibariki akamjibu, "Koko, hiyo ni mashine ya kutotolea vifaranga." Koko akateremka akatusimulia, akasema Mungu ambariki huyo kijana, ila mbona hajaniletea hata jogoo mmoja. Tulicheka sana. Tulicheka, na maji ya Koko yakawa yanashuka.

Tulilaumu mvua. Tulilaumu mikaratusi. Zakayo, aliyekuwa mwenyekiti wetu wa kitongoji, alisema ni dhambi za vijana, akaitisha maombi. Zakayo alikuwa anakula nyanya za Elibariki kila wiki, mbichi na za kupika, na nyumba yake ilikuwa inatazamana na lile shamba. Nawaandikia jina lake kwa sababu kwenye kaburi la Anaeli alisimama akasema hili ni jambo la Mungu. Halikuwa la Mungu. Mungu hana nyanya.

Koko akatuita mimi na Anaeli, akaomba tumwongezee kina. Anaeli akakataa. Alikijua kisima kile, alijua kwamba chini ya pale tulipoishia kuna mchanga mweusi wa mlima, ule mkavu unaotiririka kama mtama gunia likitoboka. Akamwambia avumilie mpaka masika. Koko akaja tena. Akakataa tena. Mara ya tatu hakuja na maneno, alikuja na ndama wake kwa kamba, amekonda mbavu zinahesabika, akamwacha mbele ya nyumba ya Anaeli, akageuka akaenda zake. Mama Nuru akamtazama mumewe. Anaeli akasema, "Twende, mdogo wangu. Tutatoboa kidogo tu, tuweke pete za zege, tutoke."

Tulikwenda. Mshumaa uliwaka vizuri. Yeye alishuka, mimi nilikuwa juu kwenye kapi. Aliimba. Baadaye aliacha kuimba, akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba pembeni pameanza kulia, yaani mchanga umeanza kumwagika. Nikaanza kuvuta. Kamba ilikuja na uzito, kisha uzito ukaongezeka, kisha ikakwama.

Nilishuka kwa kushikilia kuta. Nilifika, nikaufukua mkono wake, ukanishika. Nasema ukanishika. Ndipo upande wa pili nao ukaja, ukanibana mguu huu kwenye jiwe.

Kamba yetu ilikuwa imefukiwa. Watu waliokusanyika juu walitafuta kamba nyingine, na Koko akakumbuka msumari wake. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Elibariki kulaza kisima. Kamba yake ilikuwa pale ukutani kwa Koko, imekunjwa vizuri kabisa. Ndiyo waliyonitolea. Mimi ninayewaandikia nilitolewa ardhini kwa kamba ya Elibariki.

Na mama mmoja aliyekimbia juu kuita wanaume, alipofika nyuma ya nyumba ya Elibariki, akakuta maji yanatembea kwenye mifereji ya nyanya, mengi, masafi. Akasimama pale akayatazama mpaka akasahau alichotumwa.

Anaeli walimtoa baadaye. Hilo silielezi.

Kikao kilikaa baada ya maziko, mimi bado nimelazwa, lakini niliambiwa na watu wasiosema uongo. Elibariki aliulizwa. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Wazee wangu, kamba yangu mlikuwa nayo. Ni nani hapa aliyewahi kusema pampu?" Na ni kweli, hakuna aliyewahi kusema pampu. Tulikuwa tumesema kamba. Tuliposema kamba tulimaanisha maji, na kila mtu alijua tulimaanisha maji, na yeye alijua. Lakini hatukuwa tumesema. Zakayo akafunga kikao kwa sala.

Tangu siku ile hakuna aliyepeleka kamba kwa mtu. Kila aliyeweza alinunua pampu. Pampu zikaanza kufuatana chini, wa juu akishusha yake, wa kati naye anashusha. Halafu yakaja magari ya kuchimbia, kisima kirefu hiki, kirefu kile, mpaka wakayafikia yale maji ya kufulia, na sasa mnayanywa. Tazameni meno ya wadogo zenu. Maji ya kunywa mnaletewa na boza kutoka mbali, mnayaweka kwenye matangi ya plastiki, na kila tangi lina kufuli. Koko alihamishiwa kwa mwanawe Ngaramtoni, akafa huko akiulizia ng'ombe. Kisima cha Elibariki chenyewe kilikauka. Siku moja nilimwona amesimama barabarani na madumu yake anasubiri boza, amezeeka. Nilijiandaa kucheka. Cheko halikuja.

Ndiyo sababu mliponiambia mmeunda jumuiya, mnataka mradi wa kupokezana maji na kuchimba mashimo ya kunywesha ardhi mvua ikija, sikuwapigia makofi. Nilisubiri nione. Nikaona mnachimba kweli, wasichana kwa wavulana, matuta yamekaa kwenye mstari. Basi nawapa ninachojua.

Mashimo yenu msiyachimbe huku chini kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Yachimbeni juu, maji yaingie mapema yapate safari ndefu. Huko juu mahali pazuri kuliko pote ni lile shamba la nyanya la Elibariki, ardhi yake inakunywa kama mlevi. Mtakwenda kumwomba. Mimi siendi, lakini siwazuii.

La pampu ni hili. Msirudie kosa letu la kutaja kamba. Msitaje kitu kabisa, semeni maji. Na kama mnataka kitu cha kushika, kwa sababu midomo ni midomo, basi waya wa swichi ya pampu ya juu uvutwe mpaka ukutani kwa jirani wa chini. Awashe yeye. Anayetaka maji ateremke, abishe hodi, anywe chai, aombe awashiwe. Fundi umeme atawaambia ni gharama. Mwambieni msumari wa Koko ulikuwa bure, na tazama ulichotugharimu tulipouacha.

Ningeishia hapo. Lakini jana Upendo alikuja na Mama Nuru, wakanichukua, tukateremka wote watatu mpaka kisimani kwa Koko. Nilikuwa sijafika pale tangu nilipotolewa. Nyasi zimepanda, mabati yameoza kwenye kingo. Upendo akaeleza kwa adabu kwamba jumuiya imepanga kukifukia Jumamosi, na kwamba mimi nimekubali.

Mama Nuru alinigeukia mimi.

"Shemeji, ni wewe uliyesema kifukiwe?"

Nikasema ndiyo, ni mimi. Nikasema ninapita kule juu kwa kuzunguka ili nisikione. Nikasema na yeye najua hakimpendezi.

"Hakinipendezi," akasema. "Lakini Anaeli alikuwa anatafuta maji humu. Hakuyapata. Wewe unataka umfukie mara ya pili?"

Upendo akatazama pembeni. Mama Nuru akauliza, hawa vijana watajuaje kama hayo mashimo yao ya juu yanafanya kazi? Mtapima wapi? Upendo akasema labda watachimba kisima kidogo cha kupimia. Mama Nuru akasema kisima cha kupimia kiko hapa, ndicho cha chini kabisa, yakifika hapa yamefika kwa wote. Jengeni ukuta kukizunguka, wekeni mfuniko wa chuma mtoto asidumbukie. Na kazi ya kupima, akasema, nipeni mimi.

Tukafunua bati moja. Sikuchungulia, niliwashikilia tu wasiteleze. Upendo alikuwa na utepe wa jumuiya wenye nati nzito mwishoni. Mama Nuru akauchukua, akapiga magoti, akaanza kuteremsha pole pole, mkono kwa mkono. Ulichukua muda. Pale ambapo mimi nilijua ndipo mwisho, pale mchanga uliposhukia, nilifumba macho. Utepe ukalegea. Akasubiri kidogo. Kisha akavuta.

Ile nati ilikuja imepakwa tope, jeusi, jororo, linang'aa. Siyo vumbi la ule mchanga mkavu. Mama Nuru akalibana kati ya vidole, akalinusa kama mumewe alivyokuwa akinusa udongo, akanyoosha kiganja anionyeshe.

"Bichi," akasema.

Msikifukie. Tulipanda kurudi, mimi na mguu wangu nyuma, na yeye mbele amekunja ngumi juu ya lile tope, hakulifuta mpaka tukafika kwake.